Kufundisha Jiografia kwa Kupanga Safari: Likizo ya Majira ya Joto Kando ya Ziwa Lucerne

Miongoni mwa vipindi vinavyowaelemea wanachuo wakati wa mazoezi ya kufundisha, vipindi vya jiografia ya nchi za mbali havikosi kutajwa. Mwalimu huingia darasani, huandika ubaoni majina ya milima na mito, watoto huyanakili, na siku ya mtihani huyarudisha kama yalivyo. Baada ya mwezi mmoja hayamo tena vichwani. Hali hii haitokani na ugumu wa majina. Hutokana na kwamba mtoto hakupewa kazi yoyote ya kufanya na majina hayo. Katika makala haya tunakusudia kueleza njia moja ya kumpa kazi, nayo ni kumtaka apange safari.

Mfano tuliouchagua ni wa Uswisi: familia moja ya mji wa Basel inataka kukaa siku tano za mwezi Julai kando ya Ziwa Lucerne, katikati ya milima ya Alpi. Tunapendekeza familia yenyewe iwe ya watu wanne, yaani baba, mama, binti wa miaka 12 na mvulana wa miaka 5, na fedha yao iwe ya kadiri. Umri wa watoto hawa una sababu yake, kama itakavyoonekana tutakapofika kwenye nauli. Somo linafaa madarasa ya sita na saba, na linahitaji vipindi vitatu au vinne. Mwanachuo asijaribu kulimaliza kwa kipindi kimoja. Atakayefanya hivyo atajikuta anarudi kwenye orodha ya majina.

Ramani kwanza

Ziwa hili halina umbo la sahani. Linafanana na msalaba uliovunjika mguu, na ni vema mwalimu ajizoeze kulichora nyumbani kabla hajasimama mbele ya darasa. Upande wa kaskazini magharibi upo mji wa Lucerne, mahali ambapo mto Reuss hutoka ziwani. Mkono mmoja huelekea Küssnacht kaskazini, mwingine huelekea Alpnach kusini magharibi. Mguu mrefu hwenda mashariki kupitia Weggis na Vitznau, hupenya mlango mwembamba kati ya rasi mbili, hufika Brunnen, kisha huvunjika ghafula kuelekea kusini hadi Flüelen, karibu na mahali ambapo Reuss huingia. Eneo la ziwa lote ni kama kilometa za mraba 114, uso wake uko mita 434 juu ya usawa wa bahari, na kina chake kikubwa ni mita 214. Jina lake kwa Kijerumani maana yake ni ziwa la kantoni nne za misitu, nazo ni Uri, Schwyz, Unterwalden na Lucerne.

Tukiisha kuchora ziwa, tuufuate mto. Reuss hutoka Lucerne, huingia katika mto Aare, na Aare huingia katika Rhine, nayo Rhine hupita katikati ya Basel kabla ya kushuka hadi Bahari ya Kaskazini. Kwa hiyo familia yetu inakwenda kupumzika kando ya maji ambayo baadaye yatapita mjini kwao. Basel uko kama mita 260 juu ya usawa wa bahari. Mtoto aulizwe: je, treni yao inapanda au inateremka? Atajibu bila kuambiwa, kwa kuwa amekwisha kuuona mto unakotoka na unakokwenda. Swali dogo la namna hii lina thamani kuliko kukaririsha vimo kumi.

Neno "kiangazi" na hatari yake

Hapa tunawaomba wasomaji wetu watulie kidogo, maana ndipo wengi hupotoka, na kinachowapotosha ni lugha yetu wenyewe.

Vitabu vingi hutafsiri majira ya joto ya Ulaya kwa neno "kiangazi". Mtoto wetu anajua kiangazi ni nini: ni wakati wa jua kali, nyasi kukauka na visima kupungua. Akiambiwa kwamba familia inasafiri wakati wa kiangazi, atawafungia mizigo ya watu wasiotarajia tone la mvua. Kumbe Lucerne hupata mvua yake nyingi zaidi katika miezi hiyo hiyo ya Juni, Julai na Agosti. Mwezi wa Julai mvua hunyesha karibu siku mbili katika kila siku tano. Sababu si ngumu kueleza: jua la mchana huupasha joto uso wa mabonde, hewa yenye unyevu hupanda mbavu za milima, hupoa, na ifikapo alasiri mawingu huwa yamesimama kama minara. Ndipo huja radi, mvua kubwa, na pengine mvua ya mawe. Kwa sababu hiyo tunashauri mwalimu atumie maneno "majira ya joto", na aeleze waziwazi kwa nini amelikwepa lile neno jingine.

Jambo la pili ni saa. Saa yetu ya Kiswahili huhesabiwa kutoka mapambazuko, na inatufaa kwa kuwa tunaishi karibu na ikweta, ambako mchana na usiku hulingana takriban mwaka mzima. Lucerne uko karibu na nyuzi 47 kaskazini. Mapema Julai jua huchomoza huko yapata saa kumi na moja na nusu alfajiri na kutua yapata saa tatu na nusu usiku, kwa saa yao ya majira ya joto. Tukisema "saa tatu na nusu usiku" darasa zima huona giza, na hali watoto wa kule bado wanacheza ufukweni. Tuchore ubaoni mistari miwili ya siku, mmoja wa hapa wenye saa 12 za mwanga, na mwingine wa Lucerne wenye karibu saa 16. Wakubwa kidogo darasani watafurahi kusikia kwamba mwandishi wa Marekani Mark Twain, katika kitabu chake cha mwaka 1880, alisimulia kwa mzaha jinsi alivyopanda mlima Rigi ili aone jua likichomoza, akalala mno, akaamka na kulitazama likitua akidhani ndiyo asubuhi.

Ratiba za treni za Ulaya huandikwa kwa saa 24. Kuzigeuza kuwa saa za Kiswahili ni zoezi zuri la kutoa: 14.12 ukitoa 6 hubaki 8.12, yaani saa nane na dakika kumi na mbili mchana. Inapozidi 18, tunatoa 18. Watoto wazoezwe hata wazoee, kwani hatua inayofuata haiwezekani bila ujuzi huu.

Ratiba na nauli

Treni kutoka Basel hadi Lucerne huchukua kama saa moja. Meli kutoka Lucerne hadi Vitznau huchukua takriban saa moja pia, na ukiendelea hadi Flüelen utakuwa umekaa majini karibu saa tatu tangu Lucerne. Miongoni mwa meli za ziwa hili zimo tano za mvuke zenye magurudumu ya makasia ubavuni, ya kale zaidi ikiwa Uri ya mwaka 1901 na ya mwisho Stadt Luzern ya mwaka 1928. Kutoka Vitznau huanza reli ya kupanda mlima Rigi hadi karibu na kilele, chenye mita 1,798.

Reli hiyo inastahili dakika kumi za kipindi. Mhandisi Niklaus Riggenbach aliijenga kwa kuweka katikati ya reli mbili za kawaida reli ya tatu yenye meno, ambayo gurudumu la meno chini ya treni huing'ang'ania. Ilifunguliwa tarehe 21 Mei 1871, ikawa reli ya kwanza ya mlimani barani Ulaya, ingawa Marekani ilikuwa imetangulia miaka miwili kwa ile ya Mlima Washington. Zana ya kuonyeshea jambo hili haigharimu kitu: kitana na kizibo cha soda. Egemeza kitana kwenye kitabu ili kipate mtelemko, kisha viringisha kizibo juu ya meno yake. Kila mtoto ajaribu kwa mkono wake. Halafu wajulishwe kwamba upande wa pili wa ziwa, kutoka Alpnachstad, ipo reli ya mlima Pilatus iliyofunguliwa mwaka 1889, ambayo katika sehemu zake kali hupanda mita 48 kwa kila mita 100 za ulalo. Waichore kwa rula. Hakuna atakayesahau.

Sasa mwalimu aandike ratiba ya kubuni, na awaambie watoto kwamba ameibuni: treni inaondoka Basel 9.04 na kufika Lucerne 10.05, meli inaondoka 11.12 na kufika Vitznau 12.10, treni ya mlimani inaondoka 12.15. Je, familia itaiwahi? Wapo watakaosema ndiyo, kwa kuwa dakika tano zipo. Wengine watauliza mizigo iko wapi, na yule mvulana wa miaka mitano anatembea kwa mwendo gani. Mabishano haya yaachwe yaendelee. Kwa maoni yetu ndiyo kiini cha kipindi, na mwalimu anayeyakata kwa kutoa jibu anajinyima matunda ya kazi yake.

Nauli huleta hesabu ya aina nyingine. Kwenye treni za Uswisi mtoto aliye chini ya miaka 6 hasafiri kwa malipo, na wa miaka 6 hadi kabla ya 16 hulipa nusu. Ndiyo sababu tuliwapa watoto wetu umri ule. Tena ipo kadi ya mwaka mmoja ambayo humwezesha mtu mzima kulipa nusu ya nauli. Tuseme ubaoni, kwa kukadiria tu, kwamba kadi inauzwa faranga 180, na kwamba safari zote za wiki ile zingemgharimu mtu mzima faranga 300 bila kadi. Akiwa na kadi atalipa 150, pamoja na 180 za kadi yenyewe, jumla 330. Asinunue. Lakini ikiwa mwezi wa Desemba atasafiri tena kumtembelea bibi kwa nauli ya faranga 100, hesabu hugeuka: bila kadi ni 400, na kwa kadi ni 200 na 180, yaani 380. Hivyo swali la wiki moja haliwezi kujibiwa bila kuutazama mwaka mzima. Tumeona watoto wa darasa la sita wakilifikia jambo hili wenyewe wakiachiwa muda.

Mlima, maji na tahadhari

Joto hupungua tunapopanda, kwa wastani wa karibu nyuzi 0.6 za Selsiasi kwa kila mita 100. Tofauti ya kimo kati ya ziwa na kilele cha Rigi ni mita 1,364. Kwa hiyo ikiwa ufukweni ni nyuzi 24, kileleni patakuwa kama nyuzi 16, kabla hata ya kuhesabu upepo. Kwa Pilatus, wenye mita 2,128, itapungua karibu nyuzi 10. Mwanachuo anayefundisha Tanga anaweza kuanzia kwa yule anayepanda gari Mombo akiwa ametokwa jasho na kuteremka Lushoto akitafuta sweta. Kisha kila kikundi kiandike orodha ya vitu vya kuchukua, na mbele ya kila kitu kiandike sababu inayotoka kwenye ramani au kwenye hesabu. Kitu kisicho na sababu kifutwe. Sweta itabaki, koti la mvua litabaki. Redio, pengine, itazusha ubishi.

Maji nayo yana sheria zake. Ziwa la namna hii lililochimbwa na barafu ya kale huwa na kingo zinazoteremka ghafula, na mito ya theluji iliyoyeyuka huleta maji ya baridi hasa upande wa Flüelen. Mtu aliyekaa juani kwa muda mrefu akijirusha majini mara moja huutia mwili wake mshtuko unaoweza kumwua hata kama ni mwogeleaji hodari. Waokoaji wa Uswisi hufundisha kwamba mtu asijitose akiwa ameshika joto, watoto wadogo wasiachwe peke yao kando ya maji, na masafa marefu yasiogelewe na mtu aliye peke yake.

Upande huo huo wa kusini hujulikana kwa upepo uitwao föhn, upepo mkavu wa joto unaovuka Alpi kutoka kusini na kuteremka kwa nguvu katika bonde la Reuss. Huvuma zaidi katika majira ya kuchipua na ya kupukutika kwa majani kuliko Julai, lakini ukivuma, meli ndogo hazina budi kutafuta bandari. Watoto wa kandokando ya Ziwa Nyasa, ambao wazee wao huuheshimu upepo wa mwera, hawatahitaji maelezo marefu.

Kwenye maziwa ya Uswisi zimewekwa taa za rangi ya machungwa za kuonya juu ya upepo mkali. Zikimulika mara 40 kwa dakika, maana yake ni tahadhari; zikimulika mara 90, dhoruba iko karibu na kila aliye majini arudi pwani upesi. Tunapendekeza jambo hili lifundishwe kwa makofi. Mwalimu ashike saa, nusu ya darasa ipige makofi mawili kwa kila sekunde tatu, na nusu ya pili ipige matatu kwa kila sekunde mbili. Kisha waangalizi wafumbe macho na kusema ni onyo gani. Darasa litapiga kelele, na mwalimu mkuu huenda akachungulia dirishani. Mwanachuo asiogope, mradi aweze kumweleza anachofundisha.

Hali ya hewa kutoka kwenye kopo

Kila kikundi sasa kiandike mpango wa siku tano: siku ya meli, siku ya Rigi, siku ya kuogelea, na mengine wapendayo. Mipango ikiisha, ikusanywe. Siku inayofuata mwalimu alete kopo lenye vipande kumi vya karatasi, sita vimeandikwa "jua" na vinne vimeandikwa "mvua". Avute kipande cha siku ya kwanza, asome, na kila kikundi kiseme kitafanya nini. Ndipo avute cha siku ya pili. Asivute vyote kwa mara moja, maana msafiri naye hapewi siku zake zote kwa pamoja.

Kikundi kilichoweka Rigi siku ya mwisho kitakapopata "mvua" kitajua kimepoteza nini. Kikundi kilichoacha siku moja wazi kitaitumia. Wengine watagundua kwamba mlima upandwe asubuhi na mapema, kabla mawingu ya alasiri hayajasimama, na kwamba siku ya mvua si siku iliyokufa, kwa kuwa Lucerne ina nyumba ya makumbusho ya usafiri iliyofunguliwa mwaka 1959, tena lipo daraja la mbao la kale lililoungua Agosti 1993 na kujengwa upya mwaka uliofuata. Katika kusahihisha, tunashauri alama zisitolewe kwa mpango uliobahatika kupata jua. Zitolewe kwa namna kikundi kilivyoubadilisha mpango na sababu kilizotoa.

Pingamizi moja

Baadhi ya walimu wenzetu huuliza: ni haki gani kumfundisha mtoto wa kijijini mapumziko ya watu wa Ulaya, hali yeye likizo yake ni kupalilia shamba la wazazi? Swali hili ni zito, na hatupendi kulipita juujuu.

Kwanza, lisifichwe darasani. Watoto waulizwe ni nani anayepumzika katika habari hii na ni nani anayefanya kazi. Nahodha wa meli yuko kazini. Mpishi wa hoteli yuko kazini. Wakulima wa milimani ndio kwanza wana shughuli nyingi, kwani mwezi Juni wamepandisha ng'ombe kwenye malisho ya juu, huko watakaa hadi Septemba, na mabondeni nyasi za kuwalisha wakati wa theluji lazima zikatwe na kukaushwa kati ya mvua moja na nyingine. Hali ya hewa inayomharibia msafiri siku yake humharibia mkulima chakula cha mifugo yake. Pili, likizo yenyewe ina historia. Sheria ya Uswisi humpa mfanyakazi wiki nne za likizo yenye malipo kwa mwaka, kiwango kilichowekwa mwaka 1984. Mwezi Machi 2012 wananchi walipigia kura pendekezo la kuzifanya sita, nao wengi wakalikataa. Watoto wajaribu kueleza kwa nini mtu akatae likizo. Mwaka 1939 kilianzishwa huko chama cha ushirika kiitwacho Reka, ili familia zenye kipato kidogo nazo ziweze kuweka akiba na kusafiri. Hapa Tanzania, sheria ya ajira ya mwaka 2004 humpa mfanyakazi siku 28 mfululizo za likizo ya mwaka, ambazo ni sawasawa na wiki nne zile. Mwenye jembe lake mwenyewe, huku na kule, hakuandikiwa hata siku moja.

Mjadala huu ukifunguka vizuri, kipindi cha nne kitajaa chenyewe. Kazi ya nyumbani iwe kila mtoto kumwuliza mtu mzima mmoja: safari yake ndefu kuliko zote ilikuwa ya kwenda wapi, aliitayarisha kwa siku ngapi, alichukua nini, na ni kitu gani alichokihitaji njiani akakuta hakukichukua. Majibu yaandikwe ubaoni kesho yake, upande wa pili wa orodha za Rigi, na watoto wapige mistari kuunganisha vitu vinavyofanana.